Darasa Lililogeuzwa: Maswali Ambayo Walimu na Wazazi Huuliza Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa ajili ya walimu wanaofikiria kubadili namna wanavyofundisha, na wazazi ambao watoto wao wamerudi nyumbani wakisema, "Siku hizi mwalimu hafundishi, anatuambia tukatazame video." Nimefundisha hisabati kwa njia ya kawaida na kwa njia hii. Hii naipenda zaidi, ila nimeona pia jinsi inavyoweza kuharibika, na yote mawili nitayasema.

Darasa lililogeuzwa ni nini hasa?

Kwa kawaida mwalimu hueleza mada darasani, wanafunzi wakanakili, kisha wakapewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Hapa mambo hayo mawili yanabadilishana nafasi. Maelezo ya mwanzo mwanafunzi anayapata kabla ya kipindi, kwa video fupi, sauti iliyorekodiwa, kitini au kurasa chache za kitabu. Kipindi chenyewe kinabaki kwa ajili ya mazoezi, mjadala, maabara na maswali, mwalimu akiwa palepale.

Kusikiliza maelezo ni kazi ambayo wanafunzi wengi wanaiweza peke yao. Wanapohitaji mtu ni pale wanapokwama kwenye swali la nne la zoezi, na kwa utaratibu tuliouzoea wanakwama usiku, mwalimu akiwa kwake.

Wazo hili lilitoka wapi?

Halina mwenyewe mmoja. Sylvanus Thayer, aliyekiongoza chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani kuanzia 1817 hadi 1833, aliwataka wanafunzi wasome mada kabla, kisha darasani wasimame ubaoni kutatua maswali na kuyaeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, alibaini kwamba wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa maswali magumu ya mtihani huku dhana za msingi za nguvu na mwendo zikiwa zinawapiga chenga. Akapunguza mihadhara. Wanafunzi walisoma kabla, na darasani akawa anatoa swali moja la dhana. Kila mmoja anachagua jibu lake, anajadiliana na jirani yake, kisha wote wanachagua tena. Mwaka 2000 Maureen Lage, Glenn Platt na Michael Treglia, waliokuwa wakifundisha uchumi katika Miami University jimboni Ohio, walichapisha makala kuhusu kupindua darasa kwa njia hiyohiyo.

Waliolisambaza jina ni Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa sekondari huko Woodland Park, Colorado. Karibu mwaka 2007 walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi. Baadaye wakajiuliza ni wakati gani hasa mwanafunzi anamhitaji mwalimu ana kwa ana, na jibu walilolipata ni pale anapokwama.

Historia hii ina jambo moja la kushika: Thayer hakuwa na video, na Mazur alianza na kusoma kurasa za kitabu. Video ilikuja baadaye kama chombo tu.

Kwa hiyo ni sawa na kusoma kwa mtandao?

Hapana. Anayesoma kwa mtandao anaweza kumaliza kozi nzima bila kuonana na mwalimu. Darasa lililogeuzwa lipo kwa ajili ya kuongeza muda wa mwalimu na mwanafunzi kukaa pamoja. Shule inayotumia njia hii ili kupunguza vipindi imekosea tangu mwanzo.

Faida yake kubwa ni ipi?

Mwalimu anaona kosa linapozaliwa.

Nitoe mfano. Wanafunzi wametazama jana video ya dakika saba kuhusu kufungua mabano katika milinganyo. Leo nimewapa maswali sita, napita kati ya madawati. Kwenye daftari moja naona 3(x − 4) = 2x + 5, na chini yake 3x − 4 = 2x + 5, kisha x = 9. Hatua zote za mwisho ziko sawa na mwandiko ni safi, lakini ile 3 imezidisha x peke yake na kuiacha 4 nje. Namwambia achukue 9 aiweke mahali pa x kwenye swali la awali. Upande wa kushoto anapata 15, wa kulia 23. Anakunja uso, anarudi juu kwenye mabano, kalamu inasimama hewani. Halafu anaandika 3x − 12, na kabla sijaondoka ameshapata 17.

Kazi hiyo imechukua kama dakika mbili. Angekuwa nyumbani, angefanya maswali yote sita kwa kosa lilelile, akalala akiamini ameelewa. Mimi ningeyasahihisha siku mbili baadaye, na yeye angeangalia alama nyekundu akafunga daftari. Kosa lililorudiwa mara sita bila kuguswa linageuka mazoea, na kuliondoa baadaye ni kazi ngumu kuliko kulizuia. Kila kipindi napata nafasi kumi, kumi na tano za namna hii. Nilipokuwa nasimama ubaoni nikieleza kwa dakika thelathini nilikuwa sipati hata moja.

Mbali na hiyo?

Anayechelewa kushika anaweza kusimamisha video na kurudia mara tano bila kuchekwa. Hili ni kubwa kwa anayesoma kwa lugha ambayo bado anajifunza. Kiziwi anasoma maandishi chini ya picha, mradi mwalimu ameyaweka. Aliyeumwa wiki nzima hatafuti daftari la mwenzake la kunakili. Mzazi anayetaka kujua mtoto anasoma nini anakaa naye kutazama. Na wale wakimya wa nyuma, ambao zamani ulikuwa unamaliza muhula hujasikia sauti zao, sasa unawafikia kila kipindi kwa sababu wewe ndiye unayetembea kwenda kwao.

Utafiti unasema nini?

Unasema vizuri, kwa masharti, na masharti ndiyo yenye faida kwa mwalimu.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara na ujifunzaji shirikishi katika masomo ya vyuo vikuu ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwa wastani, waliofeli kwenye mihadhara walikuwa asilimia 33.8, na kwenye madarasa shirikishi asilimia 21.8. Tofauti hiyo ni kubwa. Ila angalia vizuri kilichopimwa: ni wanafunzi kufanya kazi darasani, kwa njia mbalimbali, na kugeuza darasa ni mojawapo tu.

Mwaka uliofuata Jamie Jensen na wenzake wa Brigham Young University walilitenganisha jambo hilo kwa ustadi. Walifundisha biolojia kwa madarasa mawili, yote yakiwa shirikishi. Moja lilipata maelezo ya mwanzo nyumbani na kuja darasani kuyatumia, la pili lilipata maelezo darasani na kwenda kuyatumia nyumbani. Matokeo hayakutofautiana. Kwa maneno mengine, faida inatokana na wanafunzi kuchakata mambo wenyewe, na kuhamisha maelezo kwenda nyumbani kunasaidia kwa sababu kunapisha muda wa kufanya hivyo. Mwalimu anayerekodi video nzuri, kisha akatumia kipindi kueleza upya yaleyale, hajageuza chochote.

Upo pia utafiti uliofanyika West Point ukiongozwa na Elizabeth Setren, ambapo madarasa ya hisabati na uchumi yalipangwa kwa bahati nasibu, mengine yageuzwe na mengine yabaki. Hisabati ilipanda kwa muda mfupi, uchumi haukupanda, na kufikia mtihani wa mwisho nafuu ile ya hisabati ilikuwa imeyeyuka. Lililonigusa zaidi ni kwamba waliofaidika hasa walikuwa wale waliokuwa tayari wako juu, hivyo pengo kati yao na wenzao likapanuka. Kila anayetaka kugeuza darasa aanze na tahadhari hiyo.

Kwa nini pengo lipanuke? Si kila mtu anapata video ileile?

Video ni moja, nyumba ni tofauti. Kuna mwenye meza, taa, simu yake na utulivu, na kuna anayesubiri simu ya kaka yake irudi saa nne usiku ikiwa na chaji kidogo. Mwingine anafika nyumbani kukuta wadogo zake wanamsubiri awapikie. Tena kuna tofauti isiyoonekana kwa macho: uwezo wa kujisimamia. Mwanafunzi mzuri akisikia jambo asilolielewa husimamisha, huandika swali, huendelea. Aliye dhaifu huiacha video iende mpaka mwisho, huridhika kwamba ameitazama, na hajui kwamba hajaelewa. Darasani mwalimu humwona usoni. Kwenye skrini hakuna anayemwona.

Kwa hiyo njia hii inaweza kuwaumiza walewale tuliotaka kuwasaidia. Kinachozuia hilo ni anachofanya mwalimu katika dakika kumi za kwanza za kipindi, na maswali mawili yanayofuata yanahusu hilo.

Wanafunzi wakija bila kujiandaa nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Watakuja bila kujiandaa. Usitarajie vinginevyo, hasa wiki za mwanzo.

Kosa la kwanza la walimu wengi, mimi nikiwemo, ni kuwahurumia na kueleza mada yote upya. Nilifanya hivyo kipindi cha tatu tu tangu nianze, na wiki iliyofuata hata waliokuwa wanajiandaa waliacha. Walikuwa sahihi: kama mwalimu atarudia, kuna haja gani ya kutazama? Kosa la pili ni kuwaadhibu kwa kuwatoa nje, ambako hawatajifunza lolote.

Kinachofanya kazi kwangu ni hiki. Kila maandalizi yana kikaratasi chenye maswali matatu: mawili ya kujibu kutokana na video au kitini, na la tatu linasema, "Andika sehemu moja ambayo hukuielewa." Anayeingia darasani anakiweka mezani kwangu. Ndani ya dakika nne nimeshavipitia na najua wapi wengi wamekwama, na kipindi naanza na pale. Alama zake ni chache, zinatosha tu kumkumbusha mwanafunzi kwamba kazi ina maana. Asiye na kikaratasi anakwenda kona ya nyuma, anatazama au anasoma maandalizi yake pale kwa dakika kumi, kisha anajiunga na wenzake. Hakuna kelele wala aibu. Baada ya muda wengi wanachoka kuanza nyuma ya wenzao.

Lile swali la tatu nalipenda kuliko yote mawili. Mwanzoni wanaandika "nimeelewa yote." Nikawa nawajibu mezani, mmoja mmoja: basi nielezee. Baada ya mwezi sentensi zikabadilika. Mmoja aliandika, "Sijui kwa nini ukigawa kwa namba hasi ile alama ya kutolingana inageuka." Kipindi kizima cha siku hiyo nilikijenga juu ya sentensi hiyo.

Na wasio na simu wala intaneti?

Usianze kugeuza darasa kabla hujajua ni wangapi. Waulize kwa karatasi isiyo na jina, maana mbele ya wenzao wengi watasema wanacho kifaa.

Ukishajua, njia zipo. Video zinaweza kugawiwa kwa flashi au memori kadi bila bando. Shule ikiwa na kompyuta hata tano, zifunguliwe asubuhi na baada ya vipindi. Kitini cha kurasa mbili chenye mifano iliyofanyiwa hatua zote kinaweza kufanya kazi ya video, na kwa hisabati wakati mwingine kinaizidi, kwa kuwa mwanafunzi anasoma kwa mwendo wake. Kuna pia kugeuza ndani ya darasa: kundi moja linatazama au kusoma maelezo katika kona moja, jingine linafanya mazoezi, jingine liko na mwalimu, kisha wanabadilishana. Hapo hakuna kinachotegemea nyumbani.

Kama hakuna hata moja kati ya haya linalowezekana, baki na utaratibu wako na uongeze kazi za darasani. Utafiti wa Jensen unakupa sababu ya kutoona umepungukiwa.

Video iwe na urefu gani, na lazima niirekodi mwenyewe?

Fupi. Philip Guo na wenzake walichunguza mara milioni 6.9 ambazo video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, zilitazamwa, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Kwa kawaida watu hawakuzidi dakika 6 za kutazama, hata video iwe ndefu kiasi gani. Ukiwa na maelezo ya dakika ishirini, yakate vipande vitatu, kila kimoja na wazo lake.

Si lazima urekodi. Maktaba ya Khan Academy, iliyoanzishwa na Salman Khan, ina masomo mengi ya bure, na walimu wengi wameweka kazi zao mtandaoni. Hata hivyo nimeona wanafunzi wakisikiliza kwa makini zaidi sauti wanayoifahamu, hata kama picha inatikisika. Simu iliyofungwa juu ya meza ikitazama karatasi na kalamu yako inatosha.

Mwalimu si atakuwa anakwepa kazi?

Wazazi, nawaelewa. Ukisikia mtoto anajifunza kwa video unaona mwalimu amekaa ofisini. Njoo darasani siku moja bila taarifa. Mwalimu aliyegeuza darasa haketi. Tena njia hii inamfichua mwalimu asiyelimudu somo lake, kwa sababu maswali yanakuja bila mpangilio na hana pa kujificha nyuma ya noti alizoandaa jana. Hasara iliyopo ni ya upande wa pili: mwaka wa kwanza kazi inaongezeka sana, kuandaa video, vikaratasi na mazoezi ya viwango tofauti. Mwaka wa pili inapungua kwa kuwa maandalizi yapo. Mkuu wa shule anayetaka walimu wageuze madarasa bila kuwapunguzia kitu kingine atapata video za haraka na vipindi vibovu.

Wanafunzi wanasema hawajifunzi. Niwasikilize?

Wasikilize, lakini pima pia. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha utafiti wa madarasa ya fizikia ya Harvard: wanafunzi wa darasa shirikishi walijifunza zaidi kwenye kipimo, huku wakihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhara uliopangika huteleza akilini na kumpa msikilizaji hisia ya kuelewa. Kufikiri mwenyewe kunachosha, na uchovu huo mwanafunzi anaudhania ni kutoelewa. Waeleze hili wiki ya kwanza kabisa, kabla malalamiko hayajaanza. Kisha wape zoezi dogo baada ya wiki tatu waone wenyewe walichokiweza.

Lalamiko moja ni la haki kila mara: wingi wa kazi. Walimu watano wakigeuza madarasa kwa pamoja na kila mmoja akatoa video ya dakika ishirini, mtoto ana saa moja na dakika arobaini kabla hajagusa kitabu kingine. Walimu wakae wapangiane siku. Na ukitoa maandalizi, usitoe tena kazi ya nyumbani ya kawaida juu yake.

Inafaa masomo na umri gani?

Hisabati, sayansi, lugha na programu za kompyuta zinakubali kwa urahisi kwa sababu zina mazoezi mengi. Historia na fasihi pia, kwa kuwa kusoma kabla na kuja kujadili ni desturi yake ya siku zote. Kwa watoto wa madarasa ya chini sipendekezi kutegemea nyumbani kabisa. Kona za ndani ya darasa zinawatosha.

Darasa langu lina wanafunzi themanini. Inawezekana?

Inawezekana kwa sura nyingine. Hutaweza kufika kila dawati, basi tumia utaratibu wa Mazur: swali moja ubaoni, majibu manne, kila mwanafunzi ananyoosha vidole kuonyesha chaguo lake kifuani ili jirani asinakili. Majibu yakigawanyika, wape dakika mbili wabishane wawili wawili, kisha wanyooshe tena. Ukikuta karibu wote wamepata, endelea. Ukikuta karibu wote wamekosa, mjadala hautawafikisha popote, eleza mwenyewe.

Nianzie wapi?

Chagua mada moja tu, ile ambayo kila mwaka wanafunzi wanaikosea. Andaa kwanza kazi ya darasani: maswali gani watafanya, kwa makundi ya wangapi, utapita wapi, utamaliza na nini. Ukiona huna kazi ya kujaza dakika arobaini, hauko tayari na video haitakuokoa. Kazi ya darasani ikikamilika, ndipo ujiulize mwanafunzi anahitaji kujua nini ili aweze kuianza, na hicho tu ndicho ukirekodi au ukakiandike kwenye kitini.

Tunza vikaratasi vya wiki ya kwanza. Baada ya mwezi viweke karibu na vya wiki ya nne, uangalie wanaandika nini kwenye lile swali la tatu. Kama bado wote wanaandika "nimeelewa yote," simamisha hapo urekebishe dakika kumi za mwanzo kabla ya kugeuza mada ya pili.